Mashine Iliyoishi Kesho

Faustin tulimzika kijijini kwao Kingi, kwenye mteremko uliokuwa shamba la maharage, na mvua ikatusubiri mpaka tumalize. Nilikuwa nimepanda kutoka Goma nikiwa na hasira kuliko huzuni. Mtu wa umri wangu hana ruhusa ya kufa kwa presha kabla hatujamaliza ugomvi wetu, na ugomvi wetu ulikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wake. Baadaye tuliketi chini ya turubai la matanga, sahani za maharage na viazi magotini, na msichana mmoja mwenye kompyuta mgongoni akaja kunisalimia kwa mikono miwili. Aliitwa Asifiwe, na ndiye anayeongoza siku hizi kazi tuliyoianza mimi na Faustin. Alinipa pole, kisha akatoa lililomleta.

"Mama Neema, tuko na lombi moja. Ile programu ya kusanya inatuchelewesha sana. Inasimama, inakatala kuendelea. Hata sasa imesimama, tangu asubui, juu ya njia ya Walikale. Tunataka ikuwe inachagua yenyewe, bila kuuliza muntu."

Niliweka sahani chini. Si kosa lake. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati ule, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini chombo chake cha kazi kinasimama. Nilimwambia angoje nimalize kula, lakini sikula tena. Nilimtazama Mama Nyota upande wa pili wa turubai, mzee sasa, kitambaa cheupe kichwani, akigawa maji kwa kila anayefika, na nikaanza kuuona upya ule mwaka ambao kwa miaka mingi nimeuzungukia kama watu wanavyozunguka shimo njiani.

Mwaka ule tulikodi chumba kimoja cha mbao Masisi mjini, nyuma ya saluni ya akina mama. Tuligawana na saluni batri za umeme wa jua, jambo ambalo mwenye nyumba alitueleza kama bahati yetu. Kila kichwa kilipoingia chini ya mashine ya kukausha nywele, kompyuta yetu ilikata roho. Kulikuwa na meza moja, viti viwili visivyolingana urefu, na dirisha lililotazama kilima ambacho nusu yake ilikuwa daima ndani ya ukungu. Harufu ya mafuta ya nywele ilituingia mpaka kwenye mkate. Kupitia mbao tulisikia kila kitu: nani ameolewa, nani amekimbia, ng'ombe wa nani wameonekana kwenye shamba la nani. Mwaka ule mazungumzo yalikuwa na tabia ya kukatika katikati. Mwanamke alikuwa akicheka, pikipiki isiyofahamika ikapita nje, na saluni nzima ikanyamaza mpaka mlio upotelee bondeni. Nasi tulijifunza kuacha vidole hewani, juu ya herufi, tukisikiliza pamoja nao.

Kazi yetu ilikuwa hii. Anayetaka kusafiri alituma mesaji yenye jina la njia, na simu iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta yetu ikamjibu neno moja: wazi, au imefungwa. Nyuma ya jibu hilo kulikuwa na faili kwa kila njia, na ndani ya faili mstari mmoja. Upande wa Masisi tuliandika mimi na Faustin. Upande wa Walikale, kule msituni, aliandika Esperanse, msichana mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Sababu hatukuziandika. Pengine ni daraja, pengine ni udongo ulioporomoka, pengine ni watu ambao hakuna aliyetaka kuwataja kwa sauti. Neno moja lilitosha kwa yote hayo, na wauza maharage, walimu na wagonjwa walilitegemea kabla ya kufunga mizigo.

Faili hizo tulizitunza kwa Git, programu inayokumbuka kila badiliko, nani alilifanya na lini, ili watu walio mbali wafanye kazi moja na baadaye waiunganishe. Ni kitu kizuri kwa mwenye subira. Unaandika amri kwenye kioo cheusi, moja baada ya nyingine, na ukiruka moja umejitafutia kesi. Na ikiwa wawili wamegusa mstari ule ule, inasimama, inakuonyesha mistari yote miwili, inangoja uchague. Kwetu rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuja inapotaka, mara nyingi mchana mvua ikikatika, na tuliitumia kugombana. Esperanse alifuta kazi ya Faustin, Faustin akafuta ya Esperanse, na mimi nilikuwa hakimu asiyelipwa. Ndipo Faustin akajifungia na kuandika chombo chake, amri moja tu badala ya zote. Ukiandika *kusanya*, chombo kilichukua kazi yako, kikaleta ya wenzako, kikaziunganisha na kuzirudisha. Siku ya kwanza kilipofanya kazi tulimwita Mama Nyota aje aone, naye akaja na mwiko mkononi.

Mama Nyota alipika nyuma ya saluni, kwenye banda la mabati, kwa ajili yetu, wasusi na wapita njia. Bugali, maharage, mchicha wa lenga-lenga. Sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka Bweremana siku za soko. Na jibini ya milimani wakati mumewe alipolipwa kwa jibini. Mumewe, Papa Bauma, ambaye yeye alimwita Papa Nyota, alikuwa na pikipiki na ndiye aliyetubebea kle, kijiti cha kuhifadhia faili, yenye kazi yetu kwenda na kurudi Walikale rezo ilipokosekana kabisa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeimba akitengeneza mnyororo, na aliamini kwamba kle ile ndogo ilikuwa na uzito, kwa sababu, alisema, ilimfanya aende polepole. Nilimpenda sana. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu sikumwambia.

Jiko lile lilikuwa na desturi ambayo Mama Nyota aliitoa kwao Kingi. Anayetoka njiani haulizwi chochote mpaka ameketi na kunywa maji. Kisha haulizwi njia ikoje, kwani kila mtu husema ni nzuri, akishukuru tu kwamba amefika. Anaulizwa: ulipishana na nani? Ataje watu, kwa majina kama anayajua, kwa mzigo kama hajui. Njia isiyo na mtu wa kupishana naye ni njia mbaya, hata kama ni kavu. Na wakifika wawili wenye habari zinazopingana, Mama Nyota aliwawekea sahani moja. Wale chakula pamoja, waseme kwa zamu, na hakuna anayeanza safari ya kule mpaka sahani iishe. Nimeona wafanyabiashara wenye haraka wakikaa pale wakikunja uso, mzigo umeshafungwa, wakingoja wageni wawili watafune.

"Mama, hiyo njo Git ya bakubwa," Faustin alimtania. Yeye pia alikuwa wa Kingi, alikulia kwenye desturi hiyo.

"Basi yako ifanye vile vile," Mama Nyota akamjibu. "Bantu babili bakipingana, bakule kwanza."

Na mwanzoni kusanya ilifanya vile vile. Ilisimama, ikaonyesha mistari miwili, ikauliza. Lakini rezo ilipotea kabla ya jibu kupatikana, na kazi ya siku nzima ikabaki imening'inia. Watu wa mesaji walilalamika kwamba majibu ni ya zamani. Esperanse alilalamika, na mimi nililalamika, tena kwa mdomo mrefu. Siku moja Faustin alirudi kutoka kula, akafuta sehemu ya kuuliza, akaweka kanuni moja: wawili wakipingana, chukua mstari wenye tarehe ya mwisho.

"Ya mwisho njo ya kweli," alisema, akajinyoosha kitini kama mtu aliyekata mti mkubwa. "Habari ya leo inashinda ya jana. Nani anaweza kukatala hiyo?"

Hakuna aliyekataa. Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kupita kiasi. Tuliandika neno moja, kioo kikajibu *Tayari*, tukaenda kula. Ukimya wa kusanya ulitupendeza. Nje, ukimya mwingine ulikuwa unakua, kwani saluni ilianza kufungwa mapema, na wanawake wa vijiji vya juu walikuja sokoni na watoto wote, hata wale wakubwa wanaoachwa nyumbani kulinda. Niliwauliza kwa nini. "Hivi tu," walisema.

Sasa nifike kwenye saa. Kompyuta yetu ilikuwa mzee wa mkono wa tatu, na kibatri kidogo kinachoishikia tarehe kilishakufa. Kila saluni ilipotukatia umeme, mashine iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani, nasi tukaiwekea tarehe kwa mkono. Tukisahau, kazi yetu ilionekana ya kale, na kanuni ya Faustin ikaitupa bila huruma na kuchukua ya Walikale. Tulipoteza hivyo mara kadhaa na ilimuuma sana, kwa sababu alidhani Esperanse anamcheka. Basi akafanya jambo ambalo nyumba nyingi za Kingi hufanya. Kule saa ya ukutani hupelekwa mbele makusudi ili watu wasichelewe misa, na kila mtu ndani anajua kwamba inadanganya, na kila mtu anaitii. Faustin aliichukua akili hiyo ya ukutani akaitia kwenye mashine. Alipoiwekea tarehe, akaiwekea ya kesho.

"Afazali itangulie kuliko ichelewe," aliniambia.

Nilicheka. Kwetu pia saa ilikuwa mbele.

Siku ile ilianza vizuri, na ubaya wake wote nauona sasa tu. Asubuhi mwalimu mmoja alifika kutoka upande wa Walikale, akanywa maji, akataja watu aliopishana nao, wengi, wenye ndizi na mbuzi. Ilikuwa kweli tupu. Faustin akaandika: wazi. Mashine ikaweka tarehe yake, ya kesho. Mchana mvua ilinyesha, ikakatika, rezo ikaja kidogo, nikaandika kusanya, kioo kikasema Tayari. Jioni hakuna aliyefika kutoka magharibi. Nakumbuka Mama Nyota akiwa amesimama mlangoni pa banda na jagi la maji, akitazama barabara, halafu akimwaga yale maji kwenye maua ili asirudi nayo ndani.

Asubuhi iliyofuata Papa Bauma alikuwa amefunga dumu mbili za mafuta na alikuwa na kle yetu mfukoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Nilikuwa nakunywa uji, nao waliongea hatua chache kutoka kwangu.

"Nani alitoka kule?" Mama Nyota aliuliza.

"Balala njiani juu ya mvua. Batafika."

"Minakuuliza nani alitoka kule, Papa Nyota."

Akatoa simu, akaandika jina la njia, akatuma. Nilisikia simu yetu ndani ya chumba ikilia ilipopokea, na ya kwake ikilia ilipojibiwa. Akamwonyesha.

"Ona. Wazi. Bale batoto basomi, banajua kuliko siye."

Mama Nyota alinitazama. Sikuwa na sababu ya kutilia shaka, na nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akamfungia mkate na jibini kwenye mfuko, akaufunga mara mbili kwa ajili ya mvua. Papa Bauma akaanza kuimba kabla pikipiki haijawaka, na ukungu ukamchukua mapema, tukabaki na mlio tu, halafu mlio nao ukaenda.

Rezo ya upande wa Walikale ilirudi jua likiwa juu ya kilima. Simu ya Faustin ililia naye akaiweka kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie. Ilikuwa Esperanse, na ile sauti yake ndogo haikuwa ndogo.

"Juu ya nini munasema njia iko wazi? Niliandika imefungwa! Niliandika jana, mutu asipite! Bantu ba hapa bote bamekimbia!"

"Jana saa ngapi?" Faustin alisema.

"Mbele ya mvua! Munaondoa kazi yangu juu ya nini?"

Kuna amri inayoonyesha, kando ya kila mstari, nani aliuandika na lini. Faustin aliiandika, vidole vikikosea, akafuta, akaiandika tena. Mstari ukaja. *Wazi*. Mbele yake jina lake, na tarehe. Nilitazama tarehe hiyo kwenye kioo, nikatazama simu yangu, nikatazama tena kioo. Ilisema mstari uliandikwa leo. Na kweli siku ilikuwa leo, lakini mstari ulioandikwa jana asubuhi ulisema umeandikwa leo, saa ambayo Papa Bauma alikuwa tayari ameshaondoka. Wa Esperanse ulikuwa wa jana, kwa hiyo ulikuwa wa zamani, kwa hiyo haukuwa wa kweli. Kusanya ilifanya kile ilichofundishwa. Nyuma ya mbao msusi mmoja alikuwa anacheka, na mashine ya nywele ikawashwa, na kioo chetu kikazima.

Tulimpigia Papa Bauma simu mpaka batri ikaisha. Watu wa pikipiki walikwenda mpaka kijiji cha mwisho ambako bado kulikuwa na moshi, wakarudi. Walisema wamesikia alipita pale akiimba. Zaidi ya hapo hakuna mtu aliyepishana naye. Pikipiki haikuonekana, wala dumu, wala kiatu. Hatukupewa hata kitu cha kuzika. Faustin alimwambia Mama Nyota yeye mwenyewe, siku ile ile, amepiga magoti kwenye majivu ya jiko, kuhusu tarehe na kanuni, neno kwa neno, naye alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia ainuke, akamwekea chakula, kwa sababu alikuwa hajala. Niliona jambo hilo kwa macho yangu na mpaka leo sijui mtu anapata wapi nguvu hiyo.

Ugomvi wetu ulianza hapo. Mimi nilitaka tuizime kazi yote, tuivunje ile kompyuta kwa jiwe, watu warudi kuulizana jikoni. Faustin alisema watu wataendelea kusafiri, na si kila njia ina jiko. Alikaa peke yake kwenye chumba kile mwaka mzima uliobaki, akairudishia kusanya swali lake, na akaongeza kitu. Mistari miwili ikipingana, haichagui, na wala haikubali mtu mmoja achague. Inafunga jibu la njia hiyo, msafiri anaambiwa *hatujui*, mpaka watu wa pande zote mbili wasemezane kwa sauti na kila mmoja aandike jina la aliyetoka kule. Nilimwambia kwamba amechelewa. Nilishuka Goma, nikaifundisha kazi hii kwa vijana wa watu, na kila alipoandika kuniomba nirudi nilimjibu kwa maneno machache. Na sasa, chini ya turubai lake, nilikuwa nikiombwa ruhusa ya kufuta kitu pekee alichokifanya ambacho nilipaswa kukilinda.

Asifiwe alikuwa bado anangoja. Kabla sijafungua mdomo, gari dogo lilisimama kwenye matope chini ya shamba, na Esperanse akashuka, amenenepa, mvi mbele, viatu mkononi. Alikuwa amesafiri kutoka Walikale na amekosa mazishi. Tulikumbatiana hapo tukilia bila aibu. Kisha Mama Nyota akaja na jagi, akamkalisha kwenye benchi, akampa maji, akangoja mpaka kikombe kiishe.

"Ulipishana na nani?" alimuuliza.

Esperanse aliweka kikombe chini akaanza kutaja. Walimu wawili kwa miguu. Mama mwenye ndizi na mtoto mgongoni. Vijana wa pikipiki, akawataja kwa majina yao. Mchungaji na ng'ombe wake karibu na daraja. Mama Nyota alifuata kila jina kwa kichwa, polepole, bila kumharakisha.

"Na Papa Nyota?"

"Hapana, Mama. Sikumuona."

"Aksanti, mwanangu. Kula."

Akaenda jikoni. Asifiwe alininong'oneza kuuliza Papa Nyota ni nani, na nikamweleza yote, kuanzia saluni mpaka tarehe, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeishika mikono yake ili asinyanyuke. Alipokuwa anasikiliza aliitazama ile kompyuta, ambayo alikuwa ameivua mgongoni na kuilaza magotini. Nilipomaliza hakuniuliza tena kuhusu ruhusa. Aliifungua. Mistari miwili ilikuwa bado pale kwenye kioo, wazi na imefungwa, ya asubuhi ile ile, na chini yake swali la Faustin. Akatoa simu, akapiga Walikale, akaiweka kwa sauti kubwa.

"Kaka, niko Kingi, kwa matanga. Ile njia yetu. Nani ametoka kule leo? Nitajie bantu."

Upande wa pili mtu akaanza kutaja majina, rezo ikimkatakata. Mama Nyota, aliyekuwa anaosha vyombo, alifuta mikono kwenye kitenge, akasogea karibu na simu, akainama ili asikie vizuri.